Novaković, Matavž, Berić au Šporar: ukiwa straika wa kawaida ufuate njia ya nani?

Tangu Man United wamchukue Benjamin Šeško kutoka RB Leipzig Agosti 2025, kila kijiwe kina mtu wa kukuambia Slovenia inatoa mastraika, na mi sibishi, ila Šeško sio mfano wa kumpa kijana. Mtu anayetoka Domžale akiwa na miaka 16 kwenda Salzburg ya Austria, anapandishwa ngazi moja moja kwenye mfumo wa klabu za kampuni ya Red Bull mpaka Leipzig ya Ujerumani afu anauzwa zaidi ya euro milioni 70, huyo ni mmoja kwenye kizazi kizima. Wengine wote maisha yao ni kuhama. Leo Austria, kesho Bulgaria, mwaka kesho kutwa unasikia jamaa yuko Japani au China.

Na hawana namna. Nchi ina watu kama milioni mbili, ligi kuu ina timu kumi, mishahara midogo, kwa hiyo ukifunga vizuri nyumbani msimu mmoja swali sio kama utaondoka, swali ni unakwenda wapi na unakwenda kufanya nini. Hapo ndipo nataka tuwaweke meza moja hawa wanne: Milivoje Novaković, Tim Matavž, Robert Berić na Andraž Šporar. Wote namba tisa, wote wamezunguka, wote wamelipwa vizuri kiasi chake, lakini njia zao hazifanani kabisa na ukiwa kijana wa miaka 18 mpaka 24 unayecheza mbele (au wewe ndo kaka mtu unayemsimamia, unapokea simu za mawakala) kuna kitu cha kuchagua hapa.

Kipimo changu nakitaja mapema ili tusigombane mbele ya safari. Sipimi ukubwa wa jina la klabu. Napima misimu ambayo jamaa alikuwa ndiye straika wa kwanza, yaani kocha akianza kuandika kikosi jina lake linaandikwa bila kufikiri. Ukipima hivyo, yule aliyechelewa kuliko wote anakuwa wa kwanza na yule aliyewahi kuliko wote anarudi nyuma sana.

Aliyewahi na aliyechelewa

Matavž alizaliwa 1989 huko Šempeter pri Gorici, mpakani kabisa na Italia, akatokea timu ya Gorica na alipofika miaka 18 tu, 2007, Groningen ya Uholanzi ikambeba. Kwa karatasi hii ndo njia ambayo kila wakala anakuuzia: ligi ya Uholanzi, wanaamini vijana, soka la wazi, straika anapata nafasi nyingi. Na kweli ilifanya kazi. Walimtoa kwa mkopo Emmen 2008 akapate dakika, akarudi, akakomaa, akawa straika tegemeo wa Groningen, na mwishoni mwa Agosti 2011 PSV, moja ya timu kubwa za Uholanzi, wakamchukua. Akiwa na miaka 22! Kiangazi hichohicho PSV walishusha Dries Mertens na Kevin Strootman kutoka Utrecht na Georginio Wijnaldum kutoka Feyenoord. Yaani ukiangalia lile kundi la usajili ungesema wote wanne wanakwenda kulekule juu.

Sasa Novaković. Kazaliwa Ljubljana 1979. Akiwa na umri huohuo wa miaka 22 jamaa alikuwa anahangaika Austria kwenye timu za madaraja ya chini, nyumbani hakuna aliyekuwa na habari naye. Akapita Mattersburg, akapita LASK ya Linz, afu 2005 akaenda Litex Lovech ya Bulgaria. Lovech ni mji mdogo, sio Sofia. Lakini msimu wa 2005/06 alifunga magoli 16 akawa mfungaji bora wa ligi ya Bulgaria, sawa na José Furtado wa Vihren, na hapo ndo mlango ukafunguka: Köln ya Ujerumani.

Angalia aliingiaje Köln lakini, maana hapa ndo pa kujifunza. 2006 Köln walikuwa wametoka kushuka daraja na Lukas Podolski, mtoto wa nyumbani, kaondoka kwenda Bayern. Timu iko daraja la pili, presha kubwa, mashabiki wana hasira, na nafasi ya straika iko wazi. Wachezaji wengi wangesubiri ofa ya timu ya daraja la kwanza hata kama ni kwenda kukaa benchi. Yeye akaenda kule ambako kiti kilikuwa kitupu. Msimu wa 2007/08 chini ya Christoph Daum akafunga 20, mfungaji bora wa daraja la pili, timu ikapanda. Msimu uliofuata Bundesliga yenyewe, ligi kuu ya Ujerumani, akafunga 16. Msimu wa 2010/11 akafunga 17. Alikuwa na zaidi ya miaka 30 wakati huo.

Kama hujawahi kuona mechi ya Köln na Bayern ya Februari 2011, itafute. Bayern ya Louis van Gaal, ile iliyocheza fainali ya Ligi ya Mabingwa miezi tisa kabla, iko mbele 2-0 pale Köln na unaona kabisa mechi imeisha. Kipindi cha pili Christian Clemens anarudisha moja, afu Novaković anafunga mbili, 3-2, uwanja unapasuka. Podolski alisharudi Köln wakati huo, anacheza pembeni yake, na bado mfungaji wa msimu akawa yule mrefu kutoka Ljubljana ambaye miaka sita nyuma alikuwa Lovech.

Na Matavž je? PSV hakufeli, tuwe wakweli. Alishinda Kombe la Uholanzi 2012, fainali wakaifunga Heracles 3-0, na magoli alikuwa anafunga. Ila PSV straika hufungi kidogo ukasamehewa, kila dirisha wanaleta mwingine. 2013 lile kundi likatawanyika: Mertens akaenda Napoli, Strootman akaenda Roma, Matavž akaenda Augsburg. Hiyo Augsburg ndo ilimrudisha nyuma. Sio timu mbaya, ila ni timu inayocheza kwa kukimbia na kukaba, straika anaombwa avunje mabeki kwanza kufunga baadaye, na yeye ni mtu wa boksi, anaishi kwa pasi ya mwisho. Ikafuata mkopo Genoa, ikafuata Nürnberg daraja la pili, na ukihesabu kuanzia 2013 mpaka 2017 hiyo ndo miaka ya 24 mpaka 28 ya straika, miaka ambayo hairudi.

Alipookoka ni aliporudi Uholanzi. Vitesse, 2017, akaanza kufunga tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu yuleyule, miguu ileile, mazingira tu. Dirisha dogo la Januari 2019 akauzwa Al Wahda ya Abu Dhabi na kule nako aliendelea kutupia.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya hawa wawili nitachagua ya Novaković, ila sio kwa sababu ya kuchelewa, kuchelewa sio sifa, hakuna mtu anayependa kufika miaka 26 hajulikani. Nachagua kwa sababu ya ile akili ya kwenda ambako straika anahitajika leo na sio ambako jezi ni nzuri. Njia ya Matavž ya mpaka Groningen ni safi kabisa, iige yote. Mpaka Groningen. Baada ya hapo kila mtu na wakala wake wakae chini waulizane.

Aliyeumia na aliyeshuka kwa makusudi

Berić na Šporar stori zao ni za kizazi kilichofuata na zinaelekea pande mbili tofauti, nadhani ndo zinazowahusu vijana wengi zaidi wa sasa.

Berić (1991, mji wa Krško) alifanya jambo ambalo wengi hawana subira nalo, alikaa nyumbani kwanza. Maribor misimu mitatu, mataji matatu ya ligi mfululizo kuanzia 2011, mechi za Ulaya juu. Afu akavuka mpaka tu, Sturm Graz ya Austria, kutoka Maribor mpaka Graz ni kama saa moja na gari. Mwaka mmoja, akahamia Rapid Wien na msimu wa 2014/15 akafunga magoli 27 ya ligi. Ishirini na saba! Hakuwa hata mfungaji bora kwa sababu Jonathan Soriano wa Salzburg alifunga 31, lakini Ulaya nzima ilishaona. Agosti 2015 Rapid wakaitoa Ajax kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, wakashinda 3-2 Amsterdam na Berić akafunga, na kabla dirisha halijafungwa Saint-Étienne ya Ufaransa wakawa wamemchukua.

Hizo ngazi ni nzuri kuliko za wote wanne. Hakuna ngazi iliyorukwa. Halafu Novemba 2015, ndo kwanza amefika, dabi ya Lyon, goti likakatika. Lyon wakashinda 3-0, Alexandre Lacazette akafunga zote, lakini kwa Saint-Étienne kilichouma zaidi ni lile goti. Hapo hakuna wakala, hakuna mpango, hakuna cha kulaumu. Aliporudi hakuwa tena chaguo la kwanza moja kwa moja, akawa mtu wa kuingia na kutoka, akaenda Anderlecht ya Ubelgiji kwa mkopo, akarudi.

Ila kama kuna mtu alilipwa deni lake na mpira ni yeye. Oktoba 2019, dabi tena, safari hii nyumbani Geoffroy-Guichard, Saint-Étienne wako hali mbaya, kocha Claude Puel ndo mechi yake ya kwanza. Berić anaingia akitokea benchi, dakika ya 90 inafika 0-0, krosi inakuja, anapiga kichwa. 1-0. Dabi ileile iliyomvunja goti ndo ikampa goli ambalo mashabiki wa pale hawatalisahau, na mi nikiangalia ile clip bado nywele zinasimama. Miezi mitatu baadaye akaondoka zake Chicago Fire.

Šporar yeye (Ljubljana, 1994) aliruka. Alikuwa moto Olimpija, na Januari 2016 akaenda Basel, mabingwa wa kudumu wa Uswisi enzi hizo, timu ya Ligi ya Mabingwa. Akasugua benchi. Akatolewa kwa mkopo Arminia Bielefeld, Ujerumani daraja la pili, nako hola. Kufikia mwisho wa 2017 ana miaka 23 na tayari ukitaja jina lake watu wanasema aah yule.

Hapa ndo alifanya uamuzi ambao wachezaji wengi wanauona aibu: Januari 2018 akaenda Slovan Bratislava. Ligi ya Slovakia. Kutoka Basel kwenda Slovakia kwa macho ya watu ni kushuka, marafiki watakucheka, na pengine hata baba mzazi anauliza imekuwaje. Msimu wa 2018/19 akafunga 29 kwenye ligi, mfungaji bora, ubingwa. Msimu uliofuata kwenye Ligi ya Europa Slovan wakaifunga Beşiktaş 4-2 naye akatia mbili. Januari 2020 Sporting ya Lisbon ikamlipia mamilioni. Miaka miwili tu toka awe hana jina.

Dirisha dogo lile la Januari 2020 nalikumbuka sana kwa sababu yetu pia: ndo dirisha ambalo Mbwana Samatta alitoka Genk kwenda Aston Villa. Angalia hao watatu wa rika moja takriban, dirisha moja. Berić anakwenda Marekani, Šporar anakwenda Ureno, Samatta anakwenda England kwenye timu inayopigania kutoshuka. Samatta alikuwa mfalme wa Genk, bingwa wa Ubelgiji 2019, akafunga hadi kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Man City, lakini Septemba alishakuwa Fenerbahçe. Nusu msimu. Ukiuliza hapa Bongo wengi watakwambia alifanya sahihi kwa sababu ni England, Mtanzania wa kwanza, na historia ni historia, siipingi. Ila kwa kile kipimo changu cha kuwa straika wa kwanza, Genk ilikuwa nyumba yake na Villa ilikuwa chumba cha kupanga.

Turudi kwa Šporar. Sporting nayo ikawa vurugu. Alifika wakati Bruno Fernandes anaondoka kwenda Man United, miezi miwili baadaye kocha akabadilishwa akaja Rúben Amorim, na Amorim alikuwa anamtaka straika wake Paulinho wa Braga. Dili ilivyokuja kukamilika Januari 2021, Paulinho akaenda Sporting na Šporar akapelekwa Braga kwa mkopo, njia ileile kinyume. Sporting wakatwaa ubingwa baada ya kusubiri miaka 19, Braga wakatwaa Kombe la Ureno kwa kuifunga Benfica 2-0, kwa hiyo kabati lake lilijaa mwaka huo hata kama moyoni alijua hatakiwi. Msimu uliofuata mkopo tena, Middlesbrough. Akaja kupumua Panathinaikos kuanzia 2022, akapata Kombe la Ugiriki 2024, afu Alanyaspor ya Uturuki.

Kuhusu mikopo

Hapa nikae kidogo maana ndo mtego wenyewe. Wakala akikwambia "utasaini timu kubwa afu watakutoa kwa mkopo upate dakika", sikia vizuri anachosema: timu inayokulipa haina mpango na wewe, na timu unayochezea haina sababu ya kukukuza maana wewe sio mali yao. Ukiwa fiti sawa na straika wao wa kudumu, kocha atamchezesha wa kudumu, mwisho wa siku ndiye atakayemuuza.

FIFA walibana kidogo tangu Julai 2022, mkopo wa kimataifa sasa hauzidi mwaka mmoja kwa mkataba na klabu zina kikomo cha idadi ya wanaoweza kuwatoa, ile biashara ya kuwa na vijana arobaini nje imepungua. Lakini sheria nyingine ya zamani bado inawaumiza watu: kwa kawaida msimu mmoja unaweza kusajiliwa timu tatu lakini mechi za mashindano unacheza za timu mbili tu. Kwa hiyo ukicheza hata dakika kumi Agosti kwenye timu yako, ukatolewa mkopo Septemba ukacheza, Januari mkopo ukivunjika huna pa kwenda kwingine kucheza zaidi ya kurudi kukaa. Ligi ambazo misimu yake imepishana kalenda zina nafuu yake, ila usisaini ukitegemea nafuu.

Mkopo wa Matavž kwenda Emmen ulikuwa mzuri kwa sababu alikuwa na miaka 19, timu jirani, nusu msimu, na Groningen walikuwa wanamtaka arudi. Ya Šporar toka Sporting ilikuwa kuzunguka tu. Tofauti ni hiyo, uliza nani anataka urudi.

Timu ya taifa

Haina ubishani. Novaković mechi 80 magoli 32, nyuma ya Zlatko Zahovič mwenye 35 pekee. Na aliitwa mara ya kwanza 2006, anakaribia miaka 27! Mei hiyohiyo akawafunga Trinidad na Tobago tatu, timu iliyokuwa inajiandaa kwenda Kombe la Dunia. Oktoba 2013, ana miaka 34, akawafunga Norway tatu pale Maribor, 3-0. Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini alianza mbele na hakufunga, hilo lisemwe, magoli yalitoka kwa Robert Koren, Valter Birsa na Zlatan Ljubijankić, wakawafunga Algeria, wakatoka 2-2 na Marekani, wakafungwa na England 1-0 wakarudi nyumbani.

Matavž naye ana siku yake, magoli matatu dhidi ya Visiwa vya Faroe Oktoba 2010, 5-1, kila mtu akasema mrithi amepatikana. Hakuwa mrithi. Berić kwenye jezi ya taifa hakuwahi kuwa yule wa Rapid. Šporar magoli sio mengi ila Euro 2024 alicheza pamoja na Šeško mbele na kazi yake ilikuwa chafu, kukimbiza mabeki, kushika mpira ili Šeško apate nafasi. Slovenia walitoka sare mechi zote tatu za kundi, Denmark, Serbia, England, afu sare ya 0-0 na Ureno mpaka kipa wao Diogo Costa alipodaka penalti tatu. Wametolewa kwa penalti, hawajafungwa ndani ya mchezo.

Mimi funzo naloliona hapo ni dogo tu: ukiwa unacheza kila wiki hata Köln daraja la pili, kocha wa taifa anakuita. Ukiwa benchi Basel anakutazama tu kwa huruma.

Hela na Mashariki ya mbali

Watu wanaongea Asia kama sehemu ya kwenda kufa. Sio kweli au si lazima iwe kweli. Köln waliposhuka tena 2012 Novaković akaenda Omiya Ardija, timu ya Saitama iliyokuwa imezoea kupigania kutoshuka. Akamkuta Ljubijankić ambaye naye alifika mwaka huohuo akitokea Gent, kocha naye Mslovenia, Zdenko Verdenik. Mastraika wawili wa taifa moja wanaozoeana, na timu ikacheza mechi 21 za ligi kuu ya Japani bila kufungwa kati ya 2012 na 2013, rekodi ya wakati huo, wakawa wanaongoza ligi. Baadaye ilivurugika, wakaanza kufungwa mfululizo, Verdenik akafukuzwa Agosti 2013, lakini ule mwaka ulikuwa wa maana. Novaković akaendelea Shimizu S-Pulse 2014, Nagoya Grampus 2015, kisha akarudi nyumbani Maribor, akabeba ubingwa wa 2016/17 akiwa anagonga miaka 38.

Kumbuka enzi hizo Japani timu ilikuwa na nafasi tatu tu za wageni na moja ya Mwasia, kwa hiyo nafasi ya mgeni ni dhahabu, usipofunga unaondoka. Mwenye kufunga anaheshimiwa sana, wala halihitaji mjadala, mwulizeni Mkenya Michael Olunga ambaye 2020 alifunga 28 pale Kashiwa Reysol akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Berić Marekani alikwenda kama mmoja wa wale wachezaji watatu ambao klabu inaruhusiwa kuwalipa juu ya ukomo wa mishahara, na 2020 alifunga 12 kwenye msimu uliofupishwa na korona. Mwaka wa pili akapoa, klabu ikaachana naye, akaenda Tianjin China. Unapokuwa kwenye zile nafasi tatu matarajio yake ni hayo, goli 12 unasifiwa, saba unaonekana mzigo. Matavž alichukua hela Abu Dhabi akiwa na miaka 30, sioni kosa lolote, mguu una mwisho.

Kwa hiyo wewe uchague ipi

Kama una miaka 18 au 19 na ofa ni ya timu ya kati Uholanzi, Austria au Ubelgiji yenye historia ya kuchezesha vijana, chukua ya Matavž ya mwanzo, kaa misimu mitatu minne, usikubali kutolewa hapo na timu kubwa mpaka umeuliza straika wao wa sasa ana mkataba wa mpaka lini. Sio swali la ajabu. Wakala anayekasirika ukiuliza hilo ana asilimia yake akilini sio magoli yako.

Kama unacheza nyumbani kwenye timu inayogombea ubingwa na mechi za kimataifa unazipata, usiwe na haraka, ya Berić ndo bora, ukitoka unatoka na medali na jina na unavuka mpaka mmoja kwa wakati. Goti ni la Mungu.

Kama umeshakosea (na wengi mnaosoma hapa mmeshakosea, mko benchi sehemu yenye jina zuri) basi ya Šporar ya 2018. Shuka. Tafuta ligi ambayo hakuna anayeitazama ila timu yake inacheza Ulaya, funga ishirini, na safari hii mnunuzi akija usikimbilie jezi. Hapo ndo alipoteleza mara ya pili.

Na kama una miaka 24 au 25, hakuna anayekupigia simu na kila mtu anakwambia umechelewa, una mtu mmoja tu wa kumtazama kwenye hii meza.

Wa kufuatilia sasa hivi ni Žan Vipotnik. Kazaliwa 2002, katoka Maribor 2023 kwenda Bordeaux, jina kubwa Ufaransa, na mwaka mmoja tu Bordeaux wakafilisika wakaporomoka mpaka daraja la nne kiangazi cha 2024. Akaenda Swansea, timu ya Wales inayocheza ligi za England. Hakushuka kwa makusudi kama Šporar, hakuondoka mapema kama Matavž, nyumba ilimwangukia tu, na sasa yuko daraja la pili England akiwa na umri ambao Novaković alikuwa bado yuko Austria. Jicho langu liko kwenye ofa itakayofuata. Ikija timu ya Ligi Kuu inayotaka straika wa tatu, mi ningemwambia abaki Wales.